Barua ya wazi kwa wakuu wa maktaba: tupeni saa za kujifunza ndani ya saa za kazi

Kwa: Wakurugenzi wa maktaba, wajumbe wa bodi, na maofisa wote wanaopanga bajeti na zamu

YAH: KUHUDHURIA WEBINA ZA BURE KATIKA SAA ZA KAZI

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu, ambacho si kigeni mezani kwenu. Kilishafika kama barua ya ndani, kikafika kama ajenda ya kikao cha wafanyakazi, kikafika tena kama maongezi ya mlangoni baada ya kikao kufungwa. Barua haikujibiwa. Kikaoni tuliambiwa jambo limepokelewa na linafanyiwa kazi. Mlangoni tuliambiwa tuwe na subira. Subira tunayo bado, ila tumeona tuihamishie hadharani, kwa sababu kila tukizungumza na wakutubi wenzetu wa kwingine tunakuta wamejibiwa vivyo hivyo, wakati mwingine kwa maneno yale yale. Ndiyo maana sikumtaja mkuu hata mmoja kwa jina. Atakayejiona humu, basi ajione.

Malalamiko yetu kwa ufupi ni haya. Tangu mafunzo ya bure yaenee mtandaoni, hasa webina, yaani semina zinazofuatiliwa kwa intaneti, mmeyafanya kuwa sababu ya kufuta mafunzo mengine yote. Halafu hayo ya bure yenyewe mkatuachia tuyafuate kwa muda wetu na kwa bando letu, na tukirudi na vyeti vyake hamvitambui.

Niseme mapema kwamba webina zenyewe hazina kosa. Mengi tunayoyajua leo ambayo hayakuwepo tulipokuwa chuoni tumeyapata huko. WebJunction, mradi ulio chini ya OCLC, shirika la kimataifa la ushirikiano wa maktaba, umekuwa ukiwafundisha wafanyakazi wa maktaba tangu mwaka 2003, na webina zake pamoja na rekodi ziko wazi kwa yeyote anayejisajili. Mikutano ya mtandaoni ya Library 2.0 ilianza mwaka 2011 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha San José State, nayo hailipiwi kiingilio. EIFL, shirika linalosaidia maktaba za nchi zinazoendelea, hufundisha kuhusu leseni za majarida na ufikiaji huria, yaani makala kusomwa na yeyote bila malipo. Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi, huendesha mafunzo ya kutafuta makala za kisayansi katika mikusanyiko yake, na wa kwanza kati ya hiyo, Hinari, ulianza mwaka 2002. Wanaoandaa vitu hivi wanafanya kazi kubwa, na watoa mada wengi ni wakutubi kama sisi waliojitolea. Barua hii si ya kwao. Ni ya ninyi mnaotia sahihi zamu.

1. Saa ya kujifunza haimo kwenye zamu

Mnasema, "Ruksa kuhudhuria, mradi kazi isilale." Tazameni basi ruksa hiyo inavyokuwa ikifika kaunta.

Mkutubi yuko kaunta ya kuazimisha. Sikio la kushoto lina hedifoni, la kulia amemwachia msomaji. Kwenye skrini, dirisha la webina limebanwa pembeni mwa dirisha la mfumo wa kuazimisha. Mada ya siku hiyo ni mahojiano ya marejeo, yaani namna ya kumuuliza msomaji taratibu mpaka ujue anachotafuta hasa, maana anayeomba "kitabu chochote cha sheria" mara nyingi anataka kujua kama mwenye nyumba ana haki ya kumtoa. Mtoa mada anasisitiza: acha unachokifanya, mtazame msomaji, msikilize mpaka amalize. Msomaji mwenyewe kasimama hapo hapo mbele, ameshauliza mara mbili, na mkutubi anamwitikia kwa kichwa huku macho yakiwa kwenye skrini, kwa sababu swali la kura limejitokeza na asipolijibu hatahesabiwa kuwa amehudhuria. Webina nyingi zinazotoa cheti cha papo kwa papo huangalia dakika ulizokaa na maswali uliyoyajibu. Mwisho wa saa hiyo msomaji hakuhudumiwa vizuri na mkutubi hakujifunza. Kwenye ripoti ya mwezi, hata hivyo, yote mawili yameandikwa kuwa yamefanyika.

Hiyo ndiyo ruksa tuliyopewa. Hatukuiomba hivyo.

Mwongozo wa IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, kuhusu maendeleo endelevu ya kitaaluma uliotolewa upya mwaka 2016 unazungumza na mwajiri waziwazi. Unapendekeza takriban asilimia 10 ya saa za kazi zitengwe kwa ajili ya kujifunza, na angalau asilimia 0.5 hadi 1 ya bajeti ya taasisi iende kwenye kuwaendeleza watumishi. Kwa wiki ya saa 40, asilimia 10 ni saa nne. Wengi wetu hatujapangiwa hata moja. Tena wenzenu wengi hupenda kuinukuu IFLA kwenye hotuba za ufunguzi, hasa Tamko la Maktaba za Umma ililolitoa pamoja na UNESCO. Tamko hilo hilo, katika toleo la 1994, linasema elimu ya kitaaluma na endelevu ya mkutubi ni jambo lisiloepukika ili huduma iwe ya kuridhisha. Sentensi hiyo sijaisikia kwenye hotuba yoyote.

2. "Rekodi ipo, utaangalia nyumbani"

Jibu hili ndilo tunalopewa zaidi, na ndilo linaloonyesha kwamba anayelitoa hajawahi kuhudhuria.

Webina nyingi hupangwa kwa saa za Marekani. Ikitangazwa kuwa itaanza saa nane mchana New York wakati wa kiangazi, Nairobi itakuwa saa tatu usiku, Delhi saa tano na nusu usiku, na Manila saa nane za usiku wa manane. Halafu kuna kubadilisha saa. Marekani husogeza saa zake mwezi Machi wiki mbili tatu kabla ya Ulaya, kwa hiyo mtu aliyezoea kwamba kipindi chake huanza saa fulani hujikuta amechelewa saa nzima bila kosa lake. Kwa sehemu kubwa ya dunia, basi, kuhudhuria papo kwa papo ni kazi ya usiku, na kazi ya usiku ina jina lake na malipo yake kwa watumishi wengine wote isipokuwa sisi.

Rekodi inasaidia, sikatai. Lakini kwenye rekodi huwezi kuuliza swali, na swali ndilo lenye faida mara nyingi. Nimewahi kumsikia mtoa mada akieleza kwa dakika arobaini jinsi ya kuhamisha data kwenda kwenye mfumo mpya wa maktaba, na yote yakawa ya kawaida tu, mpaka mtu mmoja alipouliza wafanye nini na rekodi za wasomaji zilizojirudia. Jibu la swali hilo lilikuwa na thamani kuliko slaidi zote. Baadhi ya waandaaji hutoa cheti kwa waliokuwepo tu. Wengine huiondoa rekodi baada ya muda, au huifungia wanachama.

Na hiyo "nyumbani" mnayoitaja ina watoto, wagonjwa, jiko na uchovu. Mhasibu akitakiwa kujifunza mfumo mpya wa malipo, haambiwi akajifunzie sebuleni kwake baada ya chakula cha usiku.

3. Bando ni letu

Hili ni fupi. Video ya saa nzima inakula data. Intaneti ya maktaba imefungwa upande wa video ili wasomaji wasiielemee, na hatukuwekewa njia ya watumishi. Kwa hiyo tunanunua wenyewe ili tukajifunze kazi yenu.

4. Vyeti vinaishia kwenye droo

Mtumishi amemaliza mfululizo wa webina kuhusu uorodheshaji, yaani kuandaa maelezo ya vitabu kwenye katalogi. Amechapisha vyeti, amevipeleka masijala viwekwe kwenye faili lake. Vimerudishwa. Sababu iliyotolewa: havina muhuri wala sahihi ya wino. Alipoeleza kwamba cheti cha mtandaoni hakipigwi muhuri, akaambiwa alete barua kutoka kwa waandaaji. Waandaaji wako bara jingine na anwani yao ni ya kujibu kwa mashine.

Ilipofika tathmini ya utendaji, kwenye kipengele cha mafunzo aliandikiwa "hakuna". Kwenye ripoti ya mwaka ya taasisi hiyo hiyo, kurasa za mwanzo, ikaandikwa kwamba watumishi "wamenufaika na mafunzo mbalimbali ya mtandaoni". Waheshimiwa, chagueni moja. Kama yalikuwa mafunzo, mwandikieni. Kama hayakuwa mafunzo, yatoeni kwenye ripoti.

5. Webina imegeuzwa kuwa jibu la kila kitu

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye madhara zaidi.

Kazi yetu inabadilika na haitusubiri. Aliyesoma uorodheshaji kwa kanuni za AACR2 alikuta kanuni mpya, RDA, zimechapishwa mwaka 2010, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikahamia huko rasmi mwaka 2013. Toleo la 23 la Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, lilitoka mwaka 2011, na toka hapo mabadiliko yanaingia moja kwa moja kwenye WebDewey, toleo lake la mtandaoni, bila kungoja kitabu kipya. Oktoba 2023 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilivamiwa na wadukuzi, katalogi yake kuu haikupatikana mtandaoni mpaka Januari 2024, na yenyewe ikachapisha ripoti ya yale iliyojifunza ili maktaba nyingine zisome. Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayojiandikia majibu, itoke Novemba 2022, tunapokea kaunta wanafunzi wenye orodha ya makala zilizoandikwa vizuri kabisa, mwandishi yupo, jarida lipo, juzuu na kurasa zipo. Tunatafuta kwenye katalogi, tunatafuta kwenye hifadhidata, tunafungua juzuu lenyewe: ukurasa huo una makala nyingine. Makala aliyoletewa haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Kumweleza mwanafunzi jambo hilo bila kumdhalilisha, na kumwonyesha jinsi ya kuhakiki peke yake siku nyingine, ni ujuzi. Wengi wetu tuliusikia kwanza kwenye webina ya bure, na kwa hilo tunashukuru.

Lakini webina ya saa moja inafungua mlango tu. Inaweza kukuambia Koha ni nini, kwamba ni programu huria ya kuendesha maktaba iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na kwamba hailipiwi leseni. Haiwezi kukukalisha na seva iliyogoma saa mbili asubuhi foleni ikiwa imeshafika mlangoni. Inaweza kukuonyesha picha za kitabu kilicholiwa na ukungu. Haiwezi kushika mkono wako ukijifunza kusafisha karatasi inayokatika ukiigusa, au kushona mgongo wa kitabu ulioachia. Vitu hivi hufundishwa mtu akiwa amesimama karibu nawe, na mtu huyo hulipwa.

Mlipofuta kifungu cha mafunzo kwenye bajeti mkisema "siku hizi yote yapo mtandaoni", hivi ndivyo vilivyoondoka. Hakuna aliyeviona vikiondoka kwa sababu idadi ya vyeti iliongezeka.

Na kuna jingine ambalo hamkulipima. Si kila kinachoitwa webina ni mafunzo. Kampuni inayouza hifadhidata au mfumo wa maktaba nayo huandaa webina ya bure, dakika kumi za mwanzo zikiwa za kitaaluma na zilizobaki za kuonyesha vitufe vya bidhaa yake. Hakuna ubaya, anayeuza auze. Ubaya ni pale ninyi mnapotuma kiungo hicho kwa watumishi wote mkiandika "mafunzo ya robo hii". Mtu mmoja mwenye dakika tano angetosha kuchuja, na maktaba imejaa watu ambao kuchuja habari ndiyo kazi waliyosomea.

6. Wasaidizi wa maktaba hawamo kabisa

Viungo vinatumwa kwa wenye cheo cha mkutubi. Anayerudisha vitabu rafuni, anayefungua mlango, anayekaa na watoto Jumamosi, hatumiwi. Nao ndio wanaokutana na wasomaji wengi kuliko sisi. Webina nyingi za bure hazimuulizi mtu cheo chake wakati wa kujisajili. Kizuizi hiki mmekiweka wenyewe.

Sasa majibu yenu, maana nimeshayazoea.

Mtasema: kitu ni cha bure, lalamiko linatoka wapi? Cha bure ni kiingilio. Saa inayotumika ina mwenyewe, na kwa sasa mwenyewe ni mtumishi.

Mtasema: kaunta itabaki na nani? Swali hili ni halali, na silipuuzi, hasa kwa maktaba yenye watumishi wawili au mmoja. Lakini mkutubi akiugua kaunta hupata mtu. Mkutubi akiitwa kusaidia sherehe ya ugeni rasmi, kaunta hupata mtu. Penye mtumishi mmoja, saa moja ya asubuhi kabla ya kufungua inatosha kutazama rekodi, mradi ihesabiwe kuwa kazi. Na kila mmoja wenu alikariri chuoni kanuni tano za ukutubi za Ranganathan, mkutubi wa India, za mwaka 1931. Ya nne inataka muda wa msomaji uokolewe. Mkutubi asiyejua hifadhidata mpya anaupoteza muda huo kila siku, kwa kila msomaji, na huo hamuuhesabu.

Mtasema: wapo wanaofungua webina kisha wanaendelea na soga. Wapo, nawafahamu. Wapo pia wanaokwenda semina ya hotelini wakaonekana wakati wa chai na wakati wa kusaini posho. Dawa yake ni kumtaka mtu aandike ukurasa mmoja wa alichojifunza na kitakachobadilika kwenye dawati lake, kisha asimame mbele ya wenzake awaeleze kwa robo saa. Mpiga soga atajulikana hapo hapo.

Mtasema: tukiwapa ujuzi watahama. Huenda. Ila wengi niliowaona wakihama hawakuhama kwa sababu walijua mengi mno.

Tunachoomba ni hiki, na tumekipima tusije tukaambiwa tumeomba yasiyowezekana.

Kila mtumishi wa maktaba, mwenye cheo na asiye nacho, apangiwe saa mbili kwa wiki za kujifunza ndani ya zamu, ziandikwe kwenye ratiba kama inavyoandikwa zamu ya kaunta, na zisifutwe bila kurudishiwa. Hiyo ni nusu ya ile asilimia 10. Saa hizo zitumike mbali na kaunta, kwenye chumba au hata pembe yenye kiti, kompyuta na intaneti isiyozuiliwa video. Webina ikiangukia usiku, mtumishi aliyepewa kibali cha kuihudhuria afidiwe muda huo.

Vyeti vya mtandaoni vipokelewe masijala pamoja na ule ukurasa mmoja wa maelezo, na viingie kwenye tathmini. Mkitaka kuwa na orodha ya waandaaji mnaowakubali, iandaeni, tutasaidia kuiandaa.

Kifungu cha mafunzo kirudishwe kwenye bajeti ijayo, hata kikianza na kile kiwango cha chini cha asilimia 0.5, kwa ajili ya yale yasiyofundishika kwa skrini: ukarabati wa vitabu, uendeshaji wa mifumo, na mafunzo ya vitendo ya aina hiyo.

Na mwisho, tunaomba jibu la maandishi kwa kila hoja kati ya hizo sita, kabla bajeti ijayo haijafungwa. Jibu la "hapana" lenye sababu tutalipokea na kulijadili. Lile la "linafanyiwa kazi" tunaomba safari hii liambatane na jina la anayelifanyia kazi na tarehe atakayomaliza.

Nakala ya barua hii imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa watumishi, chini ya ratiba ya zamu.

Wenu katika kazi,

Mkutubi, kwa niaba yake na ya wenzake wa kaunta